Je, Mwanamke ni Jiko?



Mwezi uliopita nilialikwa arusini hapa hapa mtaani kwetu. Baada ya ibada tulikwenda kwenye karamu, na mzee mmoja akasimama kumpongeza bwana arusi. Akasema kwa furaha, "Kijana wetu leo amepata jiko." Watu walicheka, akina mama wakapiga vigelegele. Nami nilicheka, maana maneno haya nimeyasikia tangu utoto wangu. Siku ya arusi yangu mwenyewe, mwaka 1985, niliambiwa hayo hayo nikaona nimeheshimiwa.

Karibu nami alikaa mpwa wangu, msichana anayesoma sanaa chuo kikuu. Yeye hakucheka. Aliniinamia akaniuliza taratibu, "Mjomba, bwana arusi amepata jiko. Na bibi arusi amepata nini?"

Nilitafuta jibu nisilione. Mtu aliyefundisha miaka 39 hapendi kuonekana amekosa jibu, basi nikamwambia ale pilau, itapoa. Lakini swali lile halikupoa. Ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja mwezi huu: je, ni haki kumjua mtu kwa kazi anayotufanyia? Na je, ikiwa tumemjua hivyo tu, tumemjua kweli?

MWANAMKE MWENYE KICHWA CHA NYUMBA

Jioni ile mpwa wangu alinionyesha picha katika simu yake. Zilichorwa na mwanamke aitwaye Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1911. Wazazi wake walikuwa na karakana ya kutengeneza mazulia ya ukutani, yale ya zamani yaliyofumwa kwa sura za watu na wanyama. Mazulia hayo yaliletwa yamechakaa, na mara nyingi upande wa chini ulikuwa umekwisha kabisa, hata watu waliofumwa humo hawana miguu. Binti huyu, akiwa bado mdogo, alipewa kazi ya kuichora miguu iliyopotea ili wafumaji waifuate. Mwaka 1938 aliolewa na Mmarekani, mtaalamu wa historia ya sanaa, akahamia New York. Huko akalea wana watatu, na huku akichora.

Kati ya mwaka 1945 na 1947 alichora picha kadhaa alizozipa jina moja la Kifaransa, Femme Maison, yaani Mwanamke Nyumba. Ni picha za mwanamke, lakini mahali pa kichwa na kifua pana nyumba. Miguu ni ya mtu, tena haina nguo. Juu yake ni kuta, madirisha na ngazi. Katika mojawapo mkono mdogo umechomoza ubavuni mwa nyumba, nawe huwezi kujua kama unakupungia kwa salamu au unaomba msaada.

Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Nyumba imewekwa duniani ili imsitiri mtu. Nyumba ile imefanya kinyume. Imeficha uso, ambao ndio tunaomtambua mtu kwao, ikauacha mwili bila sitara. Ukikutana na mwanamke yule njiani utaijua nyumba yake, lakini yeye hutamjua.

Kisha mpwa wangu alinionyesha kazi nyingine, iliyofanywa Marekani mwaka 1972. Walimu wawili wa sanaa, Judy Chicago na Miriam Schapiro, pamoja na wanafunzi wao wa kike wa chuo cha sanaa cha California, walipewa jumba bovu la vyumba 17 katika mji wa Los Angeles, lililokuwa likingojea kubomolewa. Wasichana wale walijifunza kupiga misumari, kutia vioo na kupaka rangi, wakalitengeneza wenyewe. Kisha wakageuza kila chumba kuwa kazi ya sanaa juu ya maisha ya mwanamke nyumbani, wakaliita Womanhouse, yaani Nyumba ya Wanawake. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 30 Januari, yakaendelea mpaka mwisho wa Februari. Watu kwa maelfu walikuja kutazama. Baadaye jumba likabomolewa kama ilivyopangwa.

Jikoni walipaka kila kitu rangi moja ya waridi: kuta, rafu, jiko lenyewe. Juu darini walibandika mayai ya kukaanga ya bandia, na yalivyoshuka ukutani yalibadilika kidogo kidogo mpaka yakawa matiti ya mama anyonyeshaye. Maana yake ilikuwa wazi. Huyu mama ni chakula, akianza kulisha kwa mwili wake, akiendelea kulisha kwa sufuria.

Katika chumba kingine Sandra Orgel aliweka kabati la mashuka. Ndani ya kabati alimsimamisha mwanamke wa sanamu, na mbao za rafu zikapita katikati ya mwili wake, zimepangwa mashuka yaliyokunjwa vizuri. Mguu mmoja tu wa sanamu ile ulikuwa umetoka nje ya kabati, kama mtu aliyeanza kuondoka.

Msichana mwingine, Faith Wilding, aliketi kitini mbele ya watu akiyumba mbele na nyuma, akayataja moja baada ya jingine mambo yote ambayo mwanamke huyangoja tangu utoto hadi uzee. Kazi hiyo aliiita Kungoja. Na wengine walipiga pasi shuka au kusugua sakafu mbele ya watazamaji, bila kusema neno, kwa muda ule ule ambao kazi hiyo huchukua nyumbani. Watu waliokuwa wameonea kazi hizo kwa jicho la pembeni maisha yao yote walilazimika kukaa na kuzitazama mpaka mwisho.

Nakiri kwamba kwanza nilikasirika. Nilimwambia mpwa wangu, "Hayo ni mambo ya Wamarekani. Huku kwetu mama anaheshimiwa." Akanijibu kwa adabu, "Ni kweli, Mjomba. Lakini hao walichora kwa rangi, sisi tumechora kwa maneno."

PICHA TULIZOCHORA KWA MANENO

Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza maneno yetu kama mwalimu asahihishaye insha, nami nimeona binti yule alisema kweli.

Kuoa ni kupata jiko. Mwanamume mzinzi akiwa na mwanamke wa pembeni husemwa ana nyumba ndogo. Angalieni basi, huyo naye amekuwa nyumba, na mke wa ndoa amekuwa nyumba kubwa. Wazee wana methali isemayo mke ni nguo, mgomba kupalilia. Ni methali ya kumhimiza mume amtunze mkewe, wala haikutungwa kwa chuki. Hata hivyo, itazameni vizuri. Mke ni nguo, mke ni mgomba, mke ni jiko, mke ni nyumba. Vitu vyote hivi ni vizuri na vyenye faida. Hakuna hata kimoja chenye uso.

Na mimi mwenyewe nimechora. Nilipomaliza Chuo cha Ualimu mwaka 1980 nilipelekwa kufundisha darasa la pili. Sentensi zangu za ubaoni zilikuwa zile zile nilizofundishwa mimi: Mama anapika. Baba anasoma gazeti. Nimeziandika mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Siku moja msichana mdogo alinyosha mkono, akasema, "Mwalimu, baba yangu hana gazeti. Na mama yangu anagonga kokoto."

Darasa zima lilicheka. Nami nilifanya kosa ambalo sijalisahau. Nilimwambia akae chini, asome kilichoandikwa. Mtoto alikuwa amemwona mama yake kwa macho yake mwenyewe, juani, ana nyundo mkononi. Mimi nilimtaka aisome picha ya ubaoni badala ya mama yake. Akakaa, akasoma kwa sauti pamoja na wenzake: Mama anapika.

Huo ndio ubaya wa picha za namna hii. Si kwamba ni uongo mtupu. Mama yule alipika pia, tena usiku, akiwa amechoka. Ubaya wake ni kwamba ukiwa nayo kichwani huna haja tena ya kutazama.

JEMBE NA MTU

Sasa tuliulize swali letu kwa utaratibu. Jembe hulijua kwa kazi yake. Ukiniuliza jembe ni nini, nitakuambia ni chombo cha kulimia, na nitakuwa nimekwisha kulieleza. Jembe lililokatika na lisiloweza kulima tena si jembe. Hulitupa nyuma ya nyumba, wala hakuna mtu atakayekulaumu.

Mtu si hivyo. Mtu alikuwa mtu kabla hajafanya kazi yoyote, na atakuwa mtu siku atakapolala kitandani bila nguvu ya kuinua kijiko. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, kinatufundisha kwamba Mungu alimwumba mwanadamu kwa mfano wake, mume na mke wote wawili, na jambo hilo linasemwa kabla mwanamke yeyote hajawasha moto na kabla mwanamume yeyote hajashika jembe.

Ikiwa hivyo, ninyi wenyewe mtaona hatari ya kumwita mke jiko. Jiko lisilowaka hubadilishwa. Tusidanganyane, ndugu zangu, katika mitaa yetu yapo. Yuko mama aliyerudishwa kwao kwa sababu hakujaliwa watoto. Yuko aliyepooza, na mumewe akasema, "Mimi nitakula nini?" akatafuta mwingine. Yuko mjane aliyeambiwa na ndugu za marehemu kwamba nyumba si yake, ingawa matofali aliyabeba kichwani. Waliofanya hayo si majambazi. Ni watu tuliowazoea, na wengine tunapiga magoti nao kanisani. Walitenda tu kulingana na picha waliyokuwa nayo. Walidhani wameoa jiko.

Neno la mzaha arusini na dhambi ya mume aliyemwacha mkewe mgonjwa si kitu kimoja. Nalifahamu hilo. Lakini mzizi ni mmoja.

MAZIWA

Nisije nikaonekana nawahukumu wengine. Mwaka juzi mke wangu aliugua, akalazwa kwa wiki tatu. Sitamtaja kwa jina, kwa maana hapendi kuandikwa. Hapa mtaani mnamwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwita hivyo zaidi ya miaka thelathini.

Siku ya kwanza karani alijaza karatasi. Akaniuliza kazi ya mgonjwa, nikajibu upesi, "Mama wa nyumbani." Mke wangu alikuwa amelala, nami nilidhani hasikii. Akafungua macho akasema kwa sauti ndogo, "Andika mkulima. Na fundi wa cherehani." Karani alinitazama, nami nikatazama sakafu. Ada za watoto wetu wawili wa mwisho zililipwa kwa cherehani ile, katika miaka ambayo mshahara wa mwalimu ulikwisha kabla ya tarehe kumi. Nililijua hilo. Lakini nilipoulizwa ghafla, picha ya ubaoni ndiyo iliyojibu.

Jambo la pili liliniumiza zaidi. Kila asubuhi nilimpelekea chai ya maziwa katika chupa, nami niliona fahari kumhudumia. Aliinywa. Siku ya nne muuguzi aliniuliza, "Mzee, kuna chakula kinachomdhuru mgonjwa?" Nikasema hakuna. Akaniuliza mgonjwa hupenda uji gani, nikakosa jibu. Ikabidi nimpigie simu binti yetu. Binti akashangaa: "Baba, kwani hujui? Mama hawezi maziwa. Tumbo linamsumbua tangu utoto wake."

Maisha yetu yote ya ndoa nimemwona mke wangu akinywa chai ya rangi. Nilidhani anabana matumizi, ili maziwa yawatoshe watoto. Tena nilimsifu kwa hilo mbele ya watu, nikasema mke wangu ni mwenye kujinyima. Nilikuwa nimejua kila chakula anachonipikia na chumvi anayotia. Sikujua yeye anakula nini, kwa sababu alikula mwisho, jikoni, na mimi nilikuwa nimekwisha kunawa mikono.

Nilipomwuliza kwa nini aliinywa chai ile siku tatu bila kusema, alinijibu, "Ulikuwa umeileta mwenyewe." Hakuongeza neno. Ninaliandika jambo hili kwa idhini yake, baada ya yeye kulicheka sana. Mimi bado silicheki.

JE, BASI KUTUMIKA NI AIBU?

Najua baadhi yenu, hasa akina mama wa Umoja, mtaniuliza, "Mwalimu, sasa watudharaulia kazi zetu? Sisi twaona fahari kulisha nyumba zetu." Ni swali la haki, na yatupasa kulijibu vizuri, maana kuna watu waliosikia nusu ya jambo hili wakaanza kulidharau jiko lenyewe. Huko nako ni kukosea. Anayepika vizuri anafanya kazi ya maarifa, na nyumba isiyo na mtu wa kuitunza ni kuta tu.

Jibu limo katika Injili ya Yohana, sura ya 13. Bwana wetu aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika beseni, akawaosha wanafunzi miguu. Hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani, tena ya chini kabisa. Lakini ukisoma mstari wa 3 utaona jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Yohana asema kwanza kwamba Yesu alijua ametoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Ndipo akasimama na kushika kitambaa. Alijua yeye ni nani kabla ya kutumika. Utumishi wake ulitoka katika nafsi yake. Nafsi yake haikutoka katika utumishi. Wala tangu siku ile Petro hakumwita Bwana wake kwa jina la beseni.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Mtu anayejulikana, mwenye jina, mwenye neno lake, akiamua kukutumikia, hiyo ni zawadi. Mtu asiyeulizwa, asiyejulikana, ambaye utumishi wake unahesabiwa kama maji ya mtoni, hapo umepokea zawadi na kumnyima mwenyewe hata shukrani, kwa sababu hakuna anayelishukuru jiko.

Wengine watanitajia Mithali 31, sura inayosomwa sana arusini. Isomeni yote. Mwanamke yule huamka usiku kuwapa chakula watu wa nyumbani mwake, ni kweli. Lakini pia hulitazama shamba akalinunua, hupanda mizabibu kwa pato la mikono yake, hutengeneza nguo akaziuza, na kinywa chake hunena hekima. Sura inamalizika kwa kuagiza kwamba kazi zake zimsifu malangoni, yaani mahali pa wazee, mbele ya watu wote.

Na Martha je? Tumemfanya kuwa mama wa sufuria. Tukisikia jina lake twakumbuka Luka 10 na jinsi alivyosumbuka kwa kazi nyingi. Lakini Luka asema nyumba ile ilikuwa yake, naye ndiye aliyemkaribisha Bwana. Tena ukifungua Yohana 11, mstari wa 27, utamkuta Martha huyo huyo, katika siku za msiba wa ndugu yake, akimkiri Yesu kuwa ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Ni ungamo lile lile tunalomsifia Petro. Petro twamkumbuka kwa ungamo lake. Martha twamkumbuka kwa vyombo. Nawauliza: ni Maandiko yaliyomfanyia hivyo, au ni sisi?

Mwisho mtazameni Hajiri, katika Mwanzo 16. Katika sura ile Abramu na Sarai wakimzungumzia humwita mjakazi tu. Jina lake halimo vinywani mwao. Malaika wa Bwana alipomkuta jangwani, karibu na chemchemi, neno lake la kwanza lilikuwa kumwita kwa jina, kisha akamwuliza atokako na aendako. Naye Hajiri akampa Mungu jina, la yule amwonaye. Kumwita mtu jina lake na kumwuliza habari zake: hivyo ndivyo mbingu inavyofanya.

BUIBUI NA SAHANI

Nirudi kidogo kwa wasanii, nisije nikawadhulumu. Hawakuichukia nyumba. Bourgeois, yule wa Mwanamke Nyumba, aliendelea kufanya kazi miaka mingi bila kujulikana sana. Mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 70, jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York lilimfanyia maonyesho ya kazi zake zote. Mwaka 1999 alitengeneza buibui wa chuma (namsema mdudu, si vazi) mwenye urefu wa zaidi ya meta 9, amebeba mayai ya marmar chini ya tumbo lake. Alimwita Maman, yaani Mama. Mama yake mzazi alikuwa mfumaji na mtengenezaji wa mazulia, naye buibui hufuma na kutengeneza utando wake kila unapokatika. Basi mkono ule ule uliomchora mwanamke aliyefichwa na nyumba ndio uliomsimamishia mama yake ukumbusho mkubwa kuliko nyumba. Alichokataa ni kufichwa, si kuitwa mama.

Yuko na mwingine aliye karibu nasi. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, na mama yake akarudi naye Uingereza. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Turner, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2007 alikusanya vyombo vya zamani vya mezani, sahani, majagi na mabakuli, vipatavyo 100, akavichora juu yake watu wa mji wa Lancaster, mji uliotajirika pia kwa biashara ya watumwa. Humo mna matajiri, na mna watumishi weusi. Nalipenda sana wazo hilo. Sahani ni kitu tunachokitazama kila siku tusimwone aliyeipakulia. Yeye aliurudisha uso pale pale juu ya sahani.

Hata kanga anazipenda na kuzitumia katika kazi zake. Na hapo ndipo nilipoona kwamba mama zetu walitangulia. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa. Mwanamke anayenyamazishwa nyumbani huichagua kanga yake kwa makini, akapita mbele ya watu, na kanga ikasema. Miaka mingi nimeziona kanga za mke wangu zikianikwa uani. Sikuwahi kuzisoma.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, mambo haya hayahitaji fedha wala mkutano.

Akina baba wenzangu, kila mmoja ajiulize leo usiku: mke wangu hapendi nini? Anaogopa nini? Kabla sijamwoa alitaka kuwa nani? Usipojua, uliza. Usiulize mbele ya watoto ili usifiwe, bali uliza mkiwa wawili. Na siku moja kula naye yeye akiwa ameketi.

Walimu wa watoto, msimsahihishe mtoto anayewaambia alichokiona kwao. Yeye ndiye mwenye kitabu.

Akina mama, nanyi nina neno kwenu. Mabinti wenu huwatazama. Mkiwafundisha kwamba mwanamke mwema ni yule asiyesema maziwa yanamdhuru, watajifunza hivyo, na wana wenu watajifunza kutouliza. Kunyamaza si upole siku zote.

Na msemaji wa arusi ijayo, tafadhali atafute neno jingine. Lugha yetu si maskini.

Mimi nimekwisha kumpa mpwa wangu jibu, ingawa lilichelewa. Nilimwambia hivi: bwana arusi amepata mke, na bibi arusi amepata mume. Jiko watalinunua dukani, na yeyote aliyewahi kurudi nyumbani ataliwasha.

Mungu atujalie kuonana uso kwa uso hapa hapa duniani, tusingoje mpaka mbinguni. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu